Siku Tatu za Tai Namba Kumi na Saba

"Kusoma najua, afande," mwanamke alisema. "Ndiyo maana siweki sahihi."

Aliisukuma karatasi kwa ncha ya kidole hadi ikarudi upande wa Inspekta, kisha akakunja mikono. Alikuwa mfugaji, mjane wa miaka sitini na mbili, na huko mlimani anakochungia watu walimwita Bi Kengele kwa sababu hakuna mbuzi wake hata mmoja aliyetembea bila kengele shingoni. Alikuwa mahabusu tangu Jumamosi. Leo ilikuwa Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi.

Inspekta aliyasoma tena maelezo yaliyoandikwa kwa jina la mwanamke huyo. Yalikuwa mafupi. Kwamba alitega nyama yenye sumu ili kuua fisi. Kwamba tai alikula nyama hiyo. Kwamba tai alikutwa amekufa ndani ya zizi lake la chini, kifaa cha kumfuatilia kikiwa bado mgongoni.

"Nani aliandika haya?"

"Muulize aliyeandika. Mimi nililetewa yameshaiva, nikaambiwa nimeze."

"Ulitega nyama?"

"Sikutega. Fisi nawafukuza kwa mawe na matusi. Sumu ya nini, nimuue na mbwa wangu mwenyewe?"

"Hiyo chupa waliyoikuta kwako?"

"Dawa ya kupe. Nenda kwa mfugaji yeyote, ukikosa chupa kama hiyo njoo unifunge."

"Tai alifikaje zizini?"

Bi Kengele aliangalia dirisha. Kwa mujibu wa jalada, swali hilo alikuwa ameulizwa mara mbili kabla, na mara zote mbili hakulijibu. Maswali mengine yote aliyajibu papo hapo, na nyongeza juu.

"Mama, mtu asiyejua husema sijui. Wewe hata hilo husemi."

"Na wewe hujasema mimi ni mwongo. Tuendelee kuheshimiana hivyo hivyo."

Mkuu wa kituo alikuwa akingoja kwenye korido, kikombe mkononi. "Amesaini?"

"Bado."

"Saa tisa kuna kikao cha kibali. Shirika la umeme linataka kuongeza nguzo mia mbili kwenye ule ukingo wa mlima. Yule mtafiti wa ndege anadai laini yao inaua tai. Hiyo karatasi ikisainiwa, hana la kudai. Nataka iwe mezani kwangu saa nane."

"Umesoma ripoti ya daktari wa mifugo, mkuu?"

"Nimesoma. Tai amekufa."

"Ukurasa wa pili?"

Mkuu alikunywa chai yake. Inspekta alifungua jalada na kumsomea. "Gole la shingoni, tupu. Tumbo tupu. Ndege hakula chochote kwa saa zisizopungua kumi na mbili kabla ya kufa. Kidole cha nyuma, mguu wa kulia: alama nyeusi ya kuungua, ukubwa wa punje ya mtama." Alifunga jalada. "Tunamshtaki kwa nyama ambayo marehemu hakuionja."

"Saa nane, Inspekta. Kama bibi mchunga mbuzi amekushinda, sema nimpe mwingine."

"Ukimpa mwingine, mkuu, mpe na ukurasa wa pili."

Mapokezini alitia sahihi kuchukua kielelezo: mfuko uliofungwa kwa lakiri, ndani yake kifaa cha kufuatilia pamoja na mikanda yake. Kando ya daftari ilikuwepo bahasha ya mali za Bi Kengele. Pete moja, kitambaa cha kichwa kimoja, kengele ya mbuzi moja.

"Hiyo kengele itaniua," askari wa mapokezi alisema. "Kila mtu akiigusa meza, inalia, nami nanyanyua simu."

Inspekta aliitoa. Mshikio wake ulikuwa umevunjika na kufungwa upya kwa tepu nyeusi, mizunguko minne iliyobana sawasawa. Ncha ya tepu ilikuwa imekunjwa kuwa pembetatu ndogo. Aliipiga picha, akairudisha kwenye bahasha.

*

Ofisi ya Mtafiti ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya tatu, nyuma ya chuo. Ukuta mzima ulikuwa ramani. Mtafiti mwenyewe alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, shati halijapigwa pasi, na hakumpa mgeni kiti.

"Umekuja kunikamata au kunisikiliza?"

"Inategemea utakachosema. Anza na ramani."

Ilikuwa na mistari ishirini na mitatu ya safari ya mwaka jana, kila mstari tai mmoja aliyevishwa kifaa. Ilishuka kutoka kaskazini ikiwa imetawanyika, ikavuka jangwa, kisha ikajikusanya kwenye ukingo wa mlima kama nyuzi zinazotafuta tundu la sindano moja.

"Upepo ukigonga ukingo huu unapanda juu," Mtafiti alisema. "Tai anapanda nao bila kupiga bawa. Ndiyo maana wote wanapita hapa. Wakichoka wanatafuta pa kutua, na huko juu hakuna mti. Kuna nguzo. Mkono wa nguzo ni wa chuma na waya uko karibu mno. Akifungua mabawa, kwisha."

"Unataka nini kwenye kikao?"

"Nguzo thelathini na moja zilizopo ukingoni zifunikwe waya kabla ya wiki mbili kwisha. Hizo mia mbili zichorwe upya. Kumi na Saba alikuwa wa kwanza kufika msimu huu. Ishirini na wawili wako nyuma yake, na hao ni niliowavisha mimi. Wasio na vifaa ni mamia."

"Kumi na Saba alionekana wapi mara ya mwisho?"

"Jumanne, saa tano na dakika ishirini asubuhi, nguzo namba mia moja na kumi na nne. Kimo, mita kumi na mbili kutoka ardhini. Juu kabisa ya nguzo. Halafu kimya, hadi Ijumaa saa tatu asubuhi, kwenye zizi la yule mama. Kilomita tisa kutoka nguzo ile."

"Shirika linasema alikuwa ameshakula sumu, akapumzika kwenye nguzo, akaruka amelegea hadi akaangukia zizini. Kifaa kikazimika kwa kukosa jua."

"Shirika linasema mengi."

"Kilizimika?"

"Hakikutuma."

"Sikuuliza kama kilituma. Nimeuliza kama kilizimika."

"Hapana. Kikikosa mtandao hakiachi kupima. Joto na mwanga, kila baada ya dakika kumi, na mwanga ukibadilika ghafla kinapima papo hapo. Vinabaki kwenye kumbukumbu. Kuvitoa lazima uchomeke waya, na kifaa kiko kwenu. Nimeandika barua mbili kuomba."

Inspekta aliweka mfuko mezani. Mkono wa Mtafiti ulikwenda wenyewe.

"Usiguse. Wewe ni mlalamikaji. Utaniambia waya unaingia wapi, nami nitauchomeka."

Aliandika saa, akakata lakiri mbele yake, akatoa kifaa. Kilikuwa kidogo kuliko viberiti viwili, kioo cha jua juu yake, na mikanda miwili myeupe ya kupita mabegani mwa ndege.

"Hii siyo kazi yangu," Mtafiti alisema mara moja. "Mimi hushona mikanda kwa uzi wa pamba, ili baada ya miaka michache uoze na kifaa kidondoke chenyewe. Huu umekatwa kwa kisu. Wakauunga tena kwa tepu."

Tepu ilikuwa nyeusi, mizunguko minne. Ncha yake ilikunjwa pembetatu.

Inspekta aliiweka chini ya taa, akaipiga picha mara tatu, akailinganisha na picha ya asubuhi. Kisha alichomeka waya.

Namba zilijipanga kwenye kompyuta. Jumanne saa tano na dakika ishirini, nyuzi joto thelathini na tisa. Kisha kushuka polepole, kama mwili unavyopoa juani. Saa saba na dakika tano mwanga ulikatika ghafla, na joto likaporomoka hadi nyuzi nne. Lilibaki hapo siku tatu. Mwanga sifuri, hata mchana.

"Pango?" Mtafiti aliuliza.

"Tazama saa moja asubuhi."

Saa moja mwanga mdogo uliwaka sekunde chache, joto likapanda nyuzi moja, giza likarudi. Saa nne, vivyo hivyo. Saa saba, mara kadhaa mfululizo. Saa kumi, mara moja. Jumatano, Alhamisi, hadi Ijumaa alfajiri.

"Pango halina taa inayowaka ukifungua mlango," Inspekta alisema. "Wewe una friji?"

"Mimi?"

"Wewe. Tai akifa kwa umeme, hoja yako kikaoni inapata nguvu. Nioneshe."

Mtafiti aliinuka, akafungua chumba cha pili kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Lilikuwa jokofu la kugandishia sampuli, la kufunguka juu. Kipimo chake kilisoma nyuzi ishirini chini ya sifuri. Inspekta alilifungua, akalifunga, akalifungua tena. Halikuwa na taa.

"Umeridhika?"

"Nimekuondoa kwenye orodha. Usinishukuru." Aliandika. "Friji ya kawaida. Watu wanaanza kazi saa moja, wanakunywa chai saa nne, wanakula saa saba, wanatoka saa kumi. Bi Kengele analala na kuamka na mbuzi. Tena hana umeme. Nguzo zinapita juu ya paa lake, lakini umeme hana."

Mtafiti aliitazama kompyuta. "Ameruka kilomita elfu sita," alisema, "wakamlaza kando ya maziwa ya chai."

*

Hakimu alitia muhuri hati ya upekuzi saa sita kasoro robo. Saa saba kasoro dakika tano Inspekta alikuwa ndani ya karakana ya mafundi wa laini, chini ya mlima, amekaa kwenye benchi la chumba cha kulia na saa yake mkononi.

Msimamizi wa karakana alikuwa nadhifu, kalamu tatu mfukoni. "Ungetupigia simu, afande, tungejiandaa."

"Ndiyo maana sikupiga."

Saa saba kamili mafundi kumi na mmoja waliingia wakiwa na makopo yao. Wa kwanza alifungua friji. Taa ya ndani ikawaka. Wa pili, wa tatu, wa nne. Inspekta aliandika dakika. Friji ilikuwa na rafu mbili. Ya tatu ilikuwa imeegemezwa ukutani, nyuma ya pipa.

"Rafu ile imevunjika?"

"Nzima kabisa," alijibu fundi mmoja mwenye kitambi, mdomo umejaa. "Wiki iliyopita ilitolewa kupisha gunia. Nyama ya wageni, tukaambiwa, marufuku kugusa. Wageni wenyewe hatukuwaona. Na maji tulikunywa ya moto."

"Kula chakula chako," Msimamizi alimwambia.

"Nakula, bosi. Mdomo una kazi mbili."

Wenzake walicheka. Inspekta alivaa glavu, akafungua friji, akapitisha kibano taratibu kwenye mpira wa mlango. Kwenye pembe ya chini kulikuwa na nyoya laini la kahawia, urefu wa kucha. Aliliweka kwenye bahasha.

"Una ruhusa ya hayo?" Msimamizi aliuliza.

Inspekta aliitandaza hati mezani, kati ya chumvi na makopo. "Muhuri uko chini, kulia. Soma taratibu, haina picha."

Aligeukia ukuta wa zana. Misokoto ya tepu nyeusi ilining'inia kwenye misumari, kila mmoja ncha yake imekunjwa.

"Kwa nini mnakunja ncha?"

"Glavu, afande," alisema yule mwenye kitambi. "Uko juu ya nguzo na glavu nene kama godoro, utaitafuta ncha ya tepu kwa kucha? Unaikunja, siku ukirudi unaivuta tu."

"Wote mnakunja mraba. Mmoja anakunja pembetatu."

"Huyo ni Ngazi. Anajidai mshonaji."

Vichwa viligeuka pamoja. Ngazi alikuwa mrefu kuliko wote, miaka thelathini na kitu, kofia ngumu magotini. Alikuwa ameacha kutafuna.

Inspekta alimtoa nje, wakasimama kati ya nguzo zilizolazwa uani. Alimwonesha picha ya kwanza, mkanda. Kisha ya pili, kengele.

"Hii kengele ni ya nani?"

"Ya mama mkwe wangu," Ngazi alisema. Sauti ilikuwa chini. "Niliitengeneza mwezi uliopita."

"Yuko mahabusu siku ya tatu."

"Najua. Mke wangu hanipikii, haniongeleshi."

"Ameulizwa mara tatu tai alifikaje zizini. Hajajibu. Asubuhi nilidhani anaficha kosa lake."

Ngazi alifuta uso kwa mkono mzima. "Jumanne nilimshusha kutoka nguzo mia moja na kumi na nne. Alikuwa bado ana joto. Nikampelekea Msimamizi, akasema tumuweke kwenye friji, bati litazuia mawimbi, mpaka aamue."

"Lilizuia mawimbi. Kumbukumbu haikuzuiliwa. Mkanda nani alikata?"

"Mimi. Niliambiwa nikitoe kile kidude nikitupe. Halafu bosi akabadili mawazo. Akasema nikirudishe, nimpeleke ndege kwenye zizi lolote, na kipande cha nyama, ionekane sumu. Zizi lolote, afande. Nikachagua lile kwa sababu lilikuwa tupu. Mbuzi walikuwa malisho ya juu, hawashuki mpaka mwezi ujao. Nilijua hakuna mtu wa kusingiziwa."

"Mama mkwe akashuka."

"Mbuzi mmoja alikaribia kuzaa. Akamshusha Alhamisi jioni, akamlaza kwake nyumbani. Ijumaa mchana akaenda kufagia zizi."

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni. "Ngazi," aliita, "kumbuka unakula wapi!"

Ngazi aligeuka. "Nakumbuka, bosi! Nakula kwenye friji uliyolaza mzoga!"

Ndani, mtu aliweka kopo lake chini kwa kishindo. Hakuna aliyecheka safari hii.

"Utashtakiwa kwa kuharibu ushahidi," Inspekta alimwambia Ngazi. "Sikufichi. Ukikaa kimya, ataendelea kukaa ndani mtu mwingine. Chagua."

Ngazi alitazama kofia yake. Aliigeuza juu chini, akabandua sifongo ya ndani. Kwenye plastiki, kwa kalamu ya wino mzito, zilikuwa namba saba, kila moja na tarehe.

"Tukiwa juu hatuna karatasi. Nguzo yenye kasoro unaandika kwenye kofia," alisema. "Hizi ni nguzo nilizoshusha ndege tangu walipowasha umeme wa majaribio. Kila moja nilimwambia bosi. Akasema kasoro ni ya ndege." Alimkabidhi kofia. "Chukua. Na mimi nichukue."

*

Saa nane kasoro dakika saba Mkuu wa kituo alikuwa ndani ya chumba cha mahojiano, kalamu mkononi, karatasi ya zamani mbele ya Bi Kengele. Inspekta aliingia na Ngazi.

Bi Kengele alimtazama mkwe wake toka viatuni hadi kichwani. "Na wewe umefuata nini huku?"

"Kukutoa, mama."

"Nilikutuma?"

"Hapana, mama."

"Nilipouona mkunjo wako kwenye ule mkanda, nikajiuliza. Mwanangu ana mume mmoja. Mimi nina miaka sitini na mbili, jela kuna kitanda na hakuna fisi. Nikasema nitakaa. Sasa wewe unakuja kunivurugia!"

"Nimeshasema kila kitu."

"Kila kitu?"

"Hadi friji."

"Friji ipi tena?" Aligeukia Inspekta. "Huyu mtoto siku zote ni mrefu tu. Akili haikumfuata huko juu."

Ngazi aliinamisha kichwa. Bi Kengele alinyoosha mkono, akamkung'uta vumbi begani, kisha akaurudisha haraka kama aliyeunguzwa.

"Hii ni nini?" Mkuu aliuliza.

"Maelezo ya shahidi na mshukiwa," Inspekta alisema. "Nyoya kutoka friji ya karakana. Vipimo vya siku tatu. Kofia yenye nguzo saba na tarehe. Na hii." Aliweka karatasi mpya juu ya ile ya zamani. "Maelezo ya mlalamikaji. Kwamba alishikiliwa siku tatu, na aliletewa kukiri ambako hakukutamka, akaambiwa asaini."

"Mlalamikaji gani?"

"Huyu hapa."

"Nani amekuruhusu kuandika hayo?"

"Sheria inaruhusu raia kulalamika. Mimi nimeandika alichosema."

Bi Kengele aliivuta karatasi. Alisoma akifuata mistari kwa kidole, bila haraka. Mkuu alitazama saa ya ukutani, Inspekta naye akaitazama. Mwanamke alifika mstari wa tano akasimama.

"Hapa umeandika nina mbuzi arobaini. Ni arobaini na mmoja. Yule alizaa Ijumaa."

Inspekta alisahihisha, akatia herufi zake pembeni. Bi Kengele alimaliza kusoma, akaomba kalamu kwa kunyoosha mkono kwa Mkuu wa kituo, ambaye ndiye aliyekuwa ameishika. Ilimchukua Mkuu muda kuiachia.

Aliandika jina lake lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, kwa herufi kubwa, kisha akaweka sahihi chini yake.

"Hii nimesaini," alisema.

"Inspekta," Mkuu alisema polepole, "ukienda na makaratasi hayo kwenye kikao cha saa tisa, usirudi kituoni hapa."

"Nitarudi saa kumi, mkuu. Ndiyo saa wanayotoka karakana. Nina mtu wa kumkamata." Alikusanya jalada na kofia. "Ukiwa na amri nyingine, niandikie. Nami nitaisoma hadi ukurasa wa pili."

Mapokezini Bi Kengele alirudishiwa pete, kitambaa na kengele. Alivaa pete, akajifunga kitambaa. Kengele aliikagua mshikio, akaibinya ile pembetatu kwa kidole gumba kuona kama imeshika. Ilikuwa imeshika. Kisha akaanza kutembea kwenye korido ndefu, akapita mlango wa ofisi ya Mkuu, akiitikisa kwa kila hatua, kwa nguvu, kama anayeshusha kundi zima kutoka mlimani.

Askari wa mapokezi alinyanyua simu.